Kasanda na Wanawe, Wasafirishaji

0.

TANZIA

Ukoo wa Semgomba wa Handeni unasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, BI. MWAMVUA BINTI MBWANA, kilichotokea Mpanda, alikohamia karibuni. Msiba uko nyumbani kwa binti yake, Mwanahija Semgomba, Mtaa wa Majengo, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mazishi yanasubiri ndugu walioko safarini.

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Habari ziwafikie watani.

Habari zimfikie hasa mtani MIHAYO KASANDA, dereva wa fuso, popote alipo.


1.

Usilie bado.

Marehemu yuko ndani. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anauliza ni nani kaificha chumvi.

Kama wewe ni Mwislamu na una macho, ulishashtuka zamani. Tanzia gani hii isiyo na Inna lillahi? Na tangu lini maiti wetu akangojeshwa ndugu walioko safarini? Aliyeiandika alijaribu kuyaweka maneno hayo, mkono ukagoma. Kusema uongo aliweza. Kumshirikisha Mungu kwenye uongo huo alishindwa.

Aliyeandika ni Mwanahija mwenyewe. Ndiyo, amemtangaza mama yake mzazi kuwa amekufa, na mama yake anapumua. Shika mdomo, sema "uchuro huo," sema unachotaka. Kisha keti nikueleze, maana na mimi mwanzoni nilimlaani.


2.

YAH: UHAMISHO WA KIKAZI

Rejea somo tajwa hapo juu.

Unaarifiwa kuwa umehamishwa kutoka maabara ya udongo Handeni kwenda maabara ya udongo Mpanda. Unatakiwa kuripoti katika kituo chako kipya bila kukosa. Utaratibu wa kusafirisha mizigo ya nyumbani utaupanga mwenyewe.

Nakutakia utekelezaji mwema.


Mama hakutajwa popote.


3.

Sasa kuhusu mama.

Bi. Mwamvua alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya majirani, ukala ya wajukuu, ukaja kumla marehemu mumewe mpaka akawa anauliza yule mwanamume kwenye picha anadai nini. Lakini chumba chake alikijua. Humo alikuwa na kitanda cha mninga alichochongewa na mumewe mwaka wa harusi, na kwenye nguzo yake, upande wa kulia kichwani, kulikuwa na kovu la pasi ya mkaa. Kila asubuhi Bi. Mwamvua aliamka, akanyoosha mkono wa kulia, akalipapasa kovu lile. Akishaligusa, anarudi. Unaona kabisa uso unavyorudi. Halafu anaita:

"Hija, umekula?"

Ni yeye peke yake duniani aliyemwita Mwanahija hivyo.

Siku moja walimlaza hospitali, mbali na kitanda chake. Kwa muda wote aliokuwa huko hakumtambua binti yake. Alimwita "dada muuguzi", akamshukuru kwa adabu, akamuomba amtafutie mwanawe. Waliporudi nyumbani akashika kovu, akauliza, "Hija, umekula?" Mwanahija alitoka nje, akalilia nyuma ya choo ili mama asisikie.

Kwa hiyo barua ilipofika hakuwaza mshahara wala nyumba ya kupanga. Aliwaza kitanda. Kabati lenye kioo kilichopasuka, kigoda, saa ya ukutani isiyotembea, vyote vifike, vipangwe vilevile, kichwa cha kitanda kielekee kulekule. Kama havikufika, mama naye hatakuwa amefika.


4.

Ujumbe wa Mhina, kaka yake, aliyeko Dar es Salaam:

Dada soma vizuri usije ukaniambia sikukwambia
— Kampuni iwe na ofisi, siyo namba ya simu tu
— Uliza bima. Wakikuchekea ondoka
— Ongea na watu waliowahi kuhamishwa nao
— Usilipe yote kabla mzigo haujashuka
— Mkataba. MKATABA dada
— Usichague mtu kwa sababu ana maneno matamu

Na chini yake, baada ya muda:

na usichague mtu kwa sababu ni wa kwetu


Alitii. Mungu shahidi, kwa kampuni mbili za kwanza alitii yote mpaka lile la tano, na kwa wa tatu alitii la sita, kwa sababu mtu aliyemchagua hakuwa na maneno matamu hata kidogo.


5.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na ofisi yenye kiyoyozi na binti mwenye kucha ndefu. Binti alisema, "Mzigo wako uko salama, mama," kabla hata hajaulizwa. Akalisema tena. Mara ya tatu Mwanahija akaanza kuogopa. Aliomba kuongea na mteja yeyote aliyewahi kuhamishwa nao. Binti akaangalia kucha zake.

Kampuni ya pili walikuja nyumbani na tepu ya kupimia. Waungwana, viatu walivua mlangoni. Mzee wao akaligonga kabati, akakitikisa kitanda, akatabasamu kwa huruma. "Dada, nikwambie ukweli kama mwanangu. Hizi mbao zimekula chumvi. Uza hapahapa, Mpanda utanunua mapya. Hiki kitanda kitakuangusha njiani."

Aliwapa chai, akawasindikiza. Walikuwa waaminifu hao, nadhani. Hakuna aliyeuliza kitanda ni cha nini.

Nao wahenga, watu wasiochoka, wakamnong'oneza: mchagua nazi hupata koroma.

Siku za kuripoti zilikuwa zinakwisha.


6.

Wa tatu alikuja na fuso lake mwenyewe. Ubavuni liliandikwa kwa rangi nyekundu KASANDA NA WANAWE, WASAFIRISHAJI. Akashuka mwanamume wa makamo, mrefu, kapelo ya kijani imepauka kichwani.

"Wanawe wako wapi?" Mwanahija aliuliza.

"Bado sijaoa, dada. Lakini rangi ilikuwa inatosha."

Akacheka mwenyewe. Akaangalia jina lililoandikwa kwenye maboksi. "Semgomba. Nyinyi Wazigua?"

"Wazigua. Na wewe?"

"Mimi Mihayo. Mnyamwezi wa Sikonge." Akapiga makofi. "Basi leo nimeokota! Dada, usihangaike na kampuni nyingine. Mimi vitu hivi naviiba vyote, napeleka kwetu, nauza, naoa. Wale wanawe kwenye gari watapatikana kwa kitanda chako."

Hapa, msomaji, kama kwenu hamna watani, subiri kidogo. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipopishana kwenye njia za misafara. Mtani anakutukana, hununi. Anakunyakulia kuku mbele ya macho yako, unamdai kwa matusi siyo kwa polisi. Na siku ya msiba wako ndiye anayekuja mbele ya wote, akalia kwa kejeli, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtani akikwambia "nitakuibia," amekwambia "mimi na wewe hatuna kuogopana."

Hivyo ndivyo sisi sote tulivyolelewa.

"Anza na masufuria," Mwanahija akamjibu. "Hayo yametoboka, utapata mke wa kufanana nayo."

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Mnyamwezi huyo?"

Bi. Mwamvua alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango. Kwa miezi mingi hakuwa ametoka chumbani bila kushikwa mkono.

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kukuibia."

"Wewe uibe? Wewe mpagazi wangu! Babu yako alibeba mzigo wa babu yangu mpaka pwani, alipoambiwa tua akauliza, mwingine uko wapi?"

Mihayo alijishika kiuno akacheka mpaka akachuchumaa. Alipoinama tu, bibi akanyoosha mkono, akainyakua kapelo.

"Rehani hii," akasema. "Mpaka kitanda changu kifike."

"Bibi, hapo umechukua kichwa changu chote!"

"Ndiyo maana nyepesi."

Kisha akacheka. Mwanahija alikuwa hajamsikia mama yake akicheka tangu ule mwaka ugonjwa ulipoanza, na alikuwa ameshakubali kwamba hatamsikia tena. Akageukia ukuta ajifute uso. Hakuuliza bima. Hakuuliza ofisi. Angemuuliza mtu ofisi baada ya hapo?

Mwambie Mhina. Mimi siwezi.


7.

MKATABA

Mimi M. Kasanda (Msafirishaji) nimepokea mzigo wa nyumbani kutoka kwa Bi. Mwanahija (Mwenye Mzigo) nitaupeleka Mpanda bila kuchelewa isipokuwa kwa amri ya Mungu, mvua, au gari.

Msafirishaji hatawajibika kwa masufuria yaliyotoboka tangu awali.

Kitanda kimefungwa blanketi mbili. Nguzo ya kulia imefungwa ya tatu.


(Ile blanketi ya tatu hakuombwa. Aliliona kovu, akaona namna mama alivyoligusa mara ya mwisho kabla hawajakitoa, akaenda kuchukua blanketi yake mwenyewe nyuma ya kiti cha dereva. Nataka ulijue hili, halafu usiamue lolote kwanza.)


8.

Mama na binti walitangulia kwa basi. Fuso likawapita Chalinze, likapiga honi, Mihayo akatoa kichwa kitupu dirishani akapaza sauti: "Naenda kuuza!"

Bi. Mwamvua aliivaa kapelo. Abiria walicheka.

Ujumbe kutoka Morogoro: Mtani nimepata mteja wa kabati hahaha

Ujumbe kutoka Dodoma: Kitanda kinauliza bibi yuko wapi

Ujumbe kutoka



Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Samahani, mteja unayempigia

Samahani


9.

Nyumba ya Mpanda ilikuwa na vyumba viwili na mwangwi. Jirani, Mama Tuzo, mke wa mwenye mashine ya kukoboa, aliwaazima mkeka, godoro jembamba na sufuria moja. "Mzigo ukichelewa si kupotea," alisema, naye Mwanahija akaamini kwa siku chache.

Mimi sikuwamo chumbani mle. Kwa hiyo aseme mwenyewe aliyekuwamo:

hapa si kwangu

kwangu nikinyoosha mkono wa kulia kuna

wa kulia

nimenyoosha. Ukuta. Ukuta una baridi na hauna kitu

kuna mwanamke analeta uji. Mwema, ila hajui kukoroga, uji una madonge. Nimemwambia nina binti mimi, binti yangu anakoroga vizuri, anaitwa. Ana kidevu cha baba yake. Anaitwa

yule mwanamke akatoka mbio na bakuli

ukimwona binti yangu mwambie mama yake wamemweka kwenye nyumba ya watu, mlango wanafunga, na yeye hajala, kwa sababu nisipomuuliza huyo hali kabisa, anaweza kukaa kutwa nzima bila


10.

MAELEZO YA MLALAMIKAJI

Swali: Je, mtuhumiwa aliwahi kutoa kauli yoyote inayoashiria nia ya kutenda kosa?

Jibu: Ndiyo.

Swali: Kauli ipi?

Jibu: Kwamba ataiba vitu vyote, aviuze Sikonge, aoe.

Swali: Aliitoa lini?

Jibu: Tulipokutana. Na wakati wa kupakia. Na njiani, akiwa dirishani.

Swali: Kuna mashahidi?

Jibu: Mtaa mzima. Na basi zima.

Swali: Wewe ulichukua hatua gani?

Jibu: Nilimwambia aanze na masufuria.


Askari akaacha kuandika. Alikuwa mtu mzima, mwenye subira. "Dada, wewe kabila gani?"

"Mzigua."

"Na yeye Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Akaweka kalamu chini, akavuta pumzi. "Mimi Mngoni. Wasukuma walikuja msibani kwa baba yangu, wakaondoka na jogoo na redio. Nikawasindikiza. Sasa hebu fikiri nimesimama mahakamani. Nasema, mheshimiwa, mshtakiwa alitangaza hadharani kwamba ataiba. Wakili wake anauliza swali moja tu: walikuwa watani? Hakimu mwenyewe atacheka."

"Afande, mimi sicheki."

"Naona," akasema taratibu. Akachukua kalamu tena. Jalada alifungua, namba ya gari akaisambaza barabara nzima, nikiri kwamba alifanya kazi yake. Gari halikuonekana.

Mwanahija alipofika nyumbani alikuta ujumbe wa Mhina. Neno kwa neno: Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Kaka yake alikuwa na haki, na haki yake haikuwa na kitanda.


11.

Sauti alizozikusanya kwa simu, akiwapigia watu wa barabarani mmoja baada ya mwingine:

Muuza vipuri, Dodoma: "Fuso lenye maneno mekundu? Lilikuja likivutwa. Gia boksi imekufa. Dereva kichwa wazi, anatania watu tu. Hapana, sijui lilikoelekea."

Mama lishe, Itigi: "Alikula hapa. Alikuwa na gari, ndiyo, limefungwa turubai. Au hakuwa nalo? Wanafanana hawa, mwanangu. Alisema anaenda kumzika mtu au kumwoa mtu, sikumbuki, alisema huku anacheka."

Dalali wa samani, Tabora: "Kitanda cha mninga? Vinaingia kila siku, dada. Kina alama gani? Kovu. La pasi. Upande wa kulia."

"Ngoja niangalie stoo, nakupigia."

Hakupiga.


12.

Najua unachotaka. Unataka sasa dereva aseme. Utu ungenitaka nimpe nafasi ajitetee, na mimi nina utu, basi nafasi yake ndiyo hii:






Umeona? Alipigiwa simu hata kwenye ukurasa huu. Hapatikani.


13.

Bi. Mwamvua aliacha kula.

Hakugoma. Alisahau tu namna. Uji ukiwekwa mdomoni unakaa humo. Alilala amegeukia upande wa kulia, mkono umenyooka, vidole vinatembea kwenye ukuta juu na chini, juu na chini, mpaka ncha zikachubuka. Mwanahija alipaka mafuta. Alijaribu kuchora kovu kwa mkaa pale ukutani. Akaomba kwa Mama Tuzo nguzo ya kitanda chao kibovu, akaiunguza kwa kisu cha moto, akaisimamisha pale pale. Mama alikipapasa kile kitu kigeni, akakisukuma. Akamtazama binti yake kwa huruma.

"Dada, na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Basi nenda kwake. Usikae hapa na wagonjwa wa watu."

Nitasema wazi, maana hakuna namna nyingine: Mwanahija alitamani kufa. Siyo mama, yeye. Maji yalikuwa yameshapita shingo.

Kitu kimoja tu hakikuondoka mkononi mwa bikizee. Kapelo ya kijani. Alilala nayo kifuani. Ukijaribu kuichukua ukaifue, anakupiga. Na jioni moja, akiwa anaifinyafinya, alitamka sentensi nzima, safi, kwa sauti yake ya Handeni:

"Huyu nikifa atakuja. Mtani haachi msiba."

Akarudi kwenye ukuta.

Mwanahija alibaki amekaa, mwiko mkononi.

Nikifa atakuja.

Nikifa.

Atakuja.


14.

Sasa rudi juu, usome tena ile tanzia. Nenda. Nakusubiri.


Aliituma kwenye simu ya Mihayo, isiyopatikana. Akaituma kwa dalali wa stendi ya malori Handeni: "Wapelekee madereva wote." Basi. Watu wawili tu, aliwaza, na mmoja wao amezima simu.

Huzijui simu za siku hizi? Tanzia haiombi nauli. Ilifika kwa madereva, ikafika kwa wake wa madereva, ikaingia kwenye kundi la ukoo wa Semgomba kabla ya adhuhuri. Shangazi wa Kwamsisi akaanguka jikoni. Binamu wakaanza kuchanga. Watu wakapanda mabasi.

Mhina akapiga. Alikuwa analia kama mtoto, yeye mwenye MKATABA kwa herufi kubwa.

"Dada, kwa nini hukuniambia anaumwa hivyo? Nimeshakata tiketi. Wamemwosha? Alisema nini mwisho? Aliniulizia?"

Fikiria uko kwenye viatu vya Mwanahija, simu iko sikioni. Ukisema ukweli, ukweli nao utasafiri kwa mwendo uleule, utamfikia dereva kabla hajawasha gari. Ukinyamaza, kaka yako anaomboleza mtu aliye hai.

"Njoo tu, Mhina," alisema. "Njoo."

Akakata.


15.

Yaliyosikika mlangoni, siku ile:

"Hodi wafiwa. Poleni jamani."

"Mbona hakuna turubai?"

"Labda wageni, hawajui pa kukodi."

"Mama Tuzo katangulia na maharage."

"Alah! Mama Tuzo, mbona unatoka kinyumenyume?"

"Jamani."

"Nini?"

"Jamani, marehemu ameomba chumvi."


Mama Tuzo hakupiga kelele, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliwapeleka wanawake wenzake kwenye kivuli cha mashine, akarudi ndani, akafunga mlango, akamkazia macho Mwanahija.

"Nieleze. Na unieleze vizuri, maana maharage yangu yameiva kwa ajili ya matanga."

Akaelezwa. Alisikiliza huku kamshika bikizee mkono wenye vidole vilivyochubuka. Aliposikia neno watani, akaguna. Kwao Ufipa nako wanao.

"Umemchimbia mama yako kaburi ili ukamatie mtu," akasema.

"Ndiyo."

"Na asipokuja?"

Kwenye sahani, Bi. Mwamvua alikuwa amekula maharage mawili, mara ya kwanza tangu asahau kula, la tatu limemshinda.

"Basi tulie," akasema Mama Tuzo. Akajifunga khanga kiunoni. "Msiba usio na kilio hauiti mtu. Nitawaambia wenzangu nje. Sisi tutalia, wewe angalia barabara."

Na wakalia, wanawake wale wa Majengo, wakimlilia mtu waliyemwona kwa dirisha akitafuna. Mmoja alianza kwa kuigiza, akakumbuka wa kwake, akalia kwelikweli.


16.

Basi la Mhina lilikuwa limeshapita Sikonge.

Jua lilikuwa bado kali mashine iliponyamaza, na kwenye kile kimya ikasikika sauti ya mwanamume ikija na barabara, inalia na kutukana kwa pamoja:

"Uuuwi! Mzigua kafa! Mzigua mchoyo kafa na kapelo yangu! Bibi, umeona bora ufe kuliko kunirudishia! Nani atanitukana mimi? Nani ataniita mpagazi? Uuuwi, bibi yangu, bibi yangu we!"

Mwanahija alitoka bila viatu.

Mihayo Kasanda alikuwa anatembea katikati ya barabara, kichwa wazi, amekonda, shati limeng'ang'ania mgongoni kwa vumbi na jasho. Alikuwa anamwigiza Bi. Mwamvua, ameshika fremu ya mlango usiokuwepo, amenyoosha mkono wa kunyakua. Wanawake walicheka na kulia. Machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Yalimtiririka mpaka kidevuni.

Nyuma yake, kando ya mashine, fuso limesimama. Maneno mekundu. Turubai limefungwa kamba pande zote.

Limejaa? Turubai la fuso, likifungwa vizuri, halisemi kilichomo.

"Uuuwi, bibi—"

"Mnyamwezi!"

Wanawake wote wakageukia dirisha.

"Kelele zote hizo," ilisema sauti kutoka ndani, nyembamba, imekasirika, iko hai, "kapelo simpi."

Mihayo alibaki mkono hewani. Alimtazama Mwanahija. Akatazama dirisha. Akamtazama tena.

"Dada. Marehemu kanijibu?"

"Kakujibu."

"Basi mmenitania."

"Wewe ndiye uliyeanza," Mwanahija akasema.

Hapo mtani anatakiwa acheke. Desturi iko wazi. Uso wa Mihayo ulifunguka, nikadhani sasa, sasa anacheka, na badala yake ukafungika. Mwanahija hakungoja. Alishampita, ameshafika kwenye gari, mikono yote miwili iko kwenye fundo la kamba. Fundo lilikuwa gumu. Akaling'ata kwa meno.

Mkono wa Mihayo ukaja juu ya mkono wake. Haukumsukuma. Ulilala tu pale, juu ya fundo.

"Mtani," akasema. Bila mzaha. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, bila mzaha hata chembe. "Kabla hujafungua, kuna kitu lazima niku



Na ndani ya nyumba ile tupu, isiyo na kitanda, isiyo na kovu, mtu akakohoa, akasafisha koo.

"Hija!"


Kamba ikamtoka mdomoni.


"Hija, umekula?"